Rufaa Inavyofia Masijala: Hotuba kwa Wasaidizi wa Kisheria wa Mtwara na Lindi

Ndugu wasaidizi wa kisheria mliotoka Nanyumbu, Newala, Tandahimba, Liwale, Kilwa na kwingineko, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Nyote mnamjua mtu anayewajia baada ya kushindwa kesi ya shamba la mikorosho. Wiki ya kwanza hazungumziki. Wiki ya pili anazunguka kwa ndugu kuuliza nani anajua kuandika rufaa. Anapofika kwenu ana nakala moja iliyokunjwakunjwa na neno moja mdomoni: nimeonewa. Huenda kweli kaonewa. Lakini jaji hatasikia habari ya kuonewa mpaka karatasi zake zipite, na karatasi zinapita au kukwama kwa tarehe, kwa mlango zilikopelekwa, na kwa ada. Hayo ndiyo tunayoyazungumza leo. Nani mwenye haki ya shamba, tutaliacha kwa mahakama.

Mtu huyo akikaa mbele yenu, swali la kwanza liwe hili: kesi ilianzia wapi? Msimuulize kwanza imeishia wapi, kwa sababu jibu la kesi ilianzia wapi ndilo linalotoa idadi ya siku, aina ya hati na masijala, yaani ofisi ya mahakama inayopokea hati, ya kuipeleka.

Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa yake inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Akishindwa na huko, anakwenda Mahakama Kuu, kwa upande wetu Mahakama Kuu Mtwara, nayo ni siku 30. Hapo pana mtego mkubwa. Petisheni, yaani hati ya kuombea rufaa hiyo ya pili, haifunguliwi Mahakama Kuu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inasema ifunguliwe kwenye Mahakama ya Wilaya ile ile iliyotoa uamuzi, na mahakama hiyo ndiyo inayoipeleka juu pamoja na jalada. Mtu wa Nachingwea anajifunga kibwebwe, anafika Mtwara mjini na petisheni mkononi, kumbe mlango wake ulikuwa kule kule alikotoka. Kwenye mfumo wa kielektroniki wa kufungulia mashauri kosa linajirudia kwa sura nyingine: anayemsaidia anachagua jina la mahakama isiyo yake. Mpaka irudishwe, siku 30 zimekwisha.

Kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ni habari nyingine. Rufaa yake inafuata Sheria ya Mwenendo wa Madai. Inafunguliwa Mahakama Kuu moja kwa moja, kwa hati ya sababu za rufaa, ndani ya siku 90 zinazotolewa na Sheria ya Ukomo, ile inayoweka mwisho wa muda wa kufungua mashauri. Ikiwa ni shauri la ndoa lililoamuliwa na mahakama hizo, hesabu inabadilika tena: siku 45, na rufaa inafunguliwa kwenye mahakama iliyotoa uamuzi. Kesi ya ardhi iliyoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Mtu akikuleteeni karatasi ya Baraza la Kata ya hivi karibuni akitaka kuikatia rufaa, mwambieni kwamba hapo hakuna hukumu, kuna jaribio la usuluhishi, na mlango wake ni kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa tuhesabu siku, tena kwa kalenda na kalamu, maana hapa watu wanapotea kwa siku moja tu. Chukueni hukumu iliyosomwa Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Siku ya kusomwa haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 5. Kutoka tarehe 5 hadi 31 Machi ni siku 27, zinabaki tatu, kwa hiyo siku ya 30 ni Alhamisi tarehe 3 Aprili. Yule anayesema "nina mwezi mmoja" atafika tarehe 4 Aprili akijua yuko ndani ya muda, kumbe kachelewa. Mwezi si siku 30. Vivyo hivyo kwa siku 90: kutoka hukumu hiyo hiyo, siku ya 90 ni tarehe 2 Juni, lakini mwenye kuhesabu "miezi mitatu" atakuja tarehe 4 Juni. Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo mahakama imefungwa, Sheria ya Ukomo inaruhusu kufungua siku mahakama inapofunguliwa. Hata hivyo msijengee hapo, maana mfumo wa kielektroniki haufungwi Jumapili wala Idi, na mpinzani wenu atalisema hilo.

Kwa rufaa za siku 90 kuna nafuu moja muhimu sana. Siku zilizotumika kusubiri nakala ya hukumu na hati ya tuzo, yaani hati fupi inayotaja kile mahakama ilichoamuru, hazihesabiwi, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba nafuu hiyo inakuja yenyewe, bila kuomba kuongezewa muda, mradi tarehe zote zinaonekana kwenye kumbukumbu. Mradi tarehe zinaonekana: shikeni maneno hayo. Tarehe ya kuomba inaonekana wapi? Kwenye barua. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala za hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosikilizwa) iandikwe siku ile ile hukumu inaposomwa, au kesho yake. Iwe nakala mbili. Moja inabaki masijala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo ndiyo inarudi nyumbani. Mtu aliyeomba kwa mdomo akapewa nakala baada ya miezi miwili hana cha kumwonyesha jaji.

Turudi kwenye mfano wetu. Hukumu ni 4 Machi, barua imepokelewa 7 Machi, nakala zimekuwa tayari 2 Mei. Hesabu ya tahadhari ni hii: tarehe 5, 6 na 7 Machi zinakula siku tatu. Zinabaki 87, zinaanza tarehe 3 Mei. Mei inatoa siku 29, Juni 30, Julai inatoa 28. Siku ya mwisho ni Jumatatu tarehe 28 Julai 2025. Sasa angalieni jambo linalowaponza wengi: nakala zimekuwa tayari tarehe 2 Mei, lakini mwenyewe kazifuata tarehe 30 Mei kwa sababu alikuwa anapalilia ufuta au hakuwa na nauli. Siku zinaanza pale nakala zilipokuwa tayari kuchukuliwa. Siku aliyozichukua yeye haihesabiki. Ndiyo maana tunasema masijala ifuatiliwe kila wiki, kwa simu au kwa mtu aliye karibu, na anayefuatilia aandike tarehe na jibu alilopewa.

Mkishazipata nakala, msizitie kwenye mfuko. Ziwekeni mezani, hukumu upande huu na tuzo upande huu, mzisome kwa kidole. Namba ya shauri iwe moja. Majina ya wahusika yawe yale yale, herufi kwa herufi. Huku kwetu jina moja lina sura nyingi: Saidi na Said, Issa na Isa, Mohamedi na Mohamed. Kama hukumu inasema Saidi na tuzo inasema Said, rufaa mtakayoiandika itakuwa na jina lipi? Kama mhusika alishitaki akiwa msimamizi wa mirathi, sifa hiyo ionekane kwenye tuzo na kwenye rufaa pia, maana marehemu hakati rufaa na mrithi hakati kwa jina lake binafsi. Kisha tazameni tarehe ya tuzo. Sheria inataka tuzo ibebe tarehe ya siku hukumu iliposomwa, hata kama hakimu ameisaini wiki tatu baadaye. Tuzo yenye tarehe ya siku ya kusainiwa ina kasoro. Mwisho, soma kile mahakama ilichoamuru kwenye hukumu, uone kama tuzo inasema hivyo hivyo: ekari ngapi, shilingi ngapi, gharama kwa nani.

Ukikuta kosa, usilifute kwa wino mweupe wala kulirekebisha steshenari. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaipa mahakama iliyotoa hukumu uwezo wa kusahihisha makosa ya uandishi na ya hesabu. Unaandika kwa mahakama hiyo, unataja kosa, ukurasa na mstari, unaomba tuzo iliyosahihishwa. Muda unaopotea hapo una maelezo yake, kwa sababu una barua. Mtu anayefungua rufaa na tuzo mbovu kwa haraka ya kuwahi siku, mara nyingi hukutana na pingamizi la awali, yaani hoja ya mpinzani kwamba rufaa haifai hata kusikilizwa, miezi kadhaa baadaye, wakati ameshalipa ada na nauli za safari tano.

Rufaa zinazotoka Mahakama ya Mwanzo hazina mzigo huo. Kanuni zake za mwaka 1964 zinataka petisheni yenye sababu zilizopangwa kwa namba na iliyosainiwa, hazilazimishi kuambatisha nakala ya hukumu. Kwa hiyo kwenye rufaa hizo, kusubiri nakala hakumsimamishii mtu siku zake 30. Tunalirudia kwa msisitizo: mwenye kesi ya Mahakama ya Mwanzo asikae nyumbani akisubiri nakala. Afungue kwanza.

Kuhusu sababu zenyewe tutapita haraka. Kila sababu iwe na namba yake na jambo lake, ielekezwe kwenye kosa la hakimu, na isiwe simulizi la ugomvi tangu enzi za babu. Lugha isiwatishe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, hivyo andikeni Kiswahili kizuri kuliko Kiingereza cha kukopa. Mwishoni pasikose saini ya mrufani, tarehe, na mstari unaosema nani aliyeandaa hati pamoja na anwani yake. Sheria ya Mawakili inautaka mstari huo. Mrufani akiandaa mwenyewe, aandike "Imeandaliwa na mrufani mwenyewe." Jihadharini na vishoka wanaoandaa hati kwa malipo halafu hawataki majina yao yaonekane. Hati isiyo na mwandaaji inafungulia pingamizi mlango, na mtu asiye wakili haruhusiwi kisheria kuandaa hati hizo kwa malipo.

Tuje kwenye ada, maana hapa ndipo rufaa nyingi nzuri zinapoangukia bila kelele.

Mahakama hailipwi fedha mkononi. Hati inapandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama ikiwa PDF, masijala inaikagua, ikikubaliwa inatengenezwa ankara na inatoka namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12. Unailipa kwa simu au benki. Kila hatua hapo ina shimo lake. Namba ya malipo ina muda wa mwisho, ikipita haipokei fedha, unaomba nyingine. Kiasi kilicho kwenye ankara ndicho cha kulipa, bila kupunguza. Namba moja ni ya ankara moja: petisheni ina yake, maombi ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu yana yake. Mtu aliyelipa moja akadhani amemaliza zote mbili atakuja kuambiwa ombi lake halipo.

Mtandao wa simu ukigoma katikati, usilipe mara ya pili kwa papara. Angalia salio, angalia ujumbe wa muamala, kisha angalia kwenye mfumo kama ankara inaonyesha imelipwa. Ujumbe wa kampuni ya simu pekee hautoshi. Kinachotakiwa ni stakabadhi ya Serikali yenye namba ile ile ya malipo, ichapishwe, ikae kwenye faili.

Swali linaloumiza ni hili: rufaa inahesabiwa imefunguliwa siku ilipopandishwa kwenye mfumo, au siku ada ilipolipwa? Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilisema tarehe ya kufungua ni tarehe ya kulipa ada, haikujali siku karatasi zilipopokelewa. Kisha zikaja Kanuni za Kufungua Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, zinazosema hati iliyowasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabiwa imefunguliwa siku hiyo. Majaji wamelitazama jambo hili kwa njia mbili, na pingamizi limeletwa kwa pande zote. Ushauri wetu hauyumbi: msimtume mtu wenu kuwa jaribio la hoja hiyo. Hati ipandishwe angalau siku saba kabla ya siku ya mwisho, na ada ilipwe siku hiyo hiyo namba inapotoka. Siku saba hizo zinatosha masijala kukagua, kuirudisha ikiwa na dosari, kuirekebisha na kulipa. Anayepandisha saa tano usiku wa siku ya mwisho, namba ya malipo ikatoka keshokutwa, amejitwisha kesi nyingine juu ya kesi.

Msisahau ada ipatikane kabla ya hati. Fedha ya korosho inaingia kuanzia minada ya mwishoni mwa mwaka. Hukumu inayosomwa Aprili inamkuta mkulima mfukoni mtupu. Tarehe ya ada ipangwe siku ya kwanza anayokujieni, pamoja na tarehe ya barua.

Kuna jambo dogo la steshenari linalotaka kuangaliwa kwa macho mawili. Akaunti ya mfumo inafunguliwa kwa namba ya simu na barua pepe. Ikiwa ni za kijana wa steshenari, taarifa zote zinakwenda kwake: hati imerudishwa, namba ya malipo imetoka, shauri limepangwa tarehe fulani mbele ya jaji fulani. Kijana akihama au akibadili laini, mrufani anabaki gizani, na rufaa inaitwa hayupo. Simu iwe ya mrufani au ya mtoto wake anayekaa naye, na neno la siri liandikwe mahali. Kagueni pia kila ukurasa kabla ya kupandisha. Picha za simu zilizopigwa jioni zinatoa kurasa nyeusi, na ukurasa wenye muhuri wa tarehe ndio hasa usiotakiwa kuwa mweusi.

Mfumo ukikwama siku ya mwisho, piga picha ya skrini yenye tarehe na saa, kisha siku ya kazi inayofuata asubuhi uwe mbele ya Msajili au Hakimu Mfawidhi ukiwa na taarifa ya maandishi. Vivyo hivyo kwa njia. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Aliyekwama kwa sababu kama hiyo anahitaji tiketi ya basi, barua ya mtendaji, kitu cha kushika. Mahakama inajua kwamba mvua hunyesha. Isichojua ni kama wewe ulikuwa upande gani wa daraja.

Muda ukishapita, dawa ni maombi ya kuongezewa muda, yenye kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapwa kuwa ni kweli. Hapo kila siku ya kuchelewa inatolewa maelezo, hata ikiwa ni moja. Andikeni kwa vipindi: kutoka tarehe hii hadi hii alikuwa amelazwa, kielelezo ni karatasi ya hospitali, kutoka hii hadi hii alikuwa akisubiri tuzo iliyosahihishwa, kielelezo ni barua. Kipindi kisicho na maelezo ndicho kinachoangusha ombi, na kipindi hicho mara nyingi ni zile wiki mbili za mwisho baada ya kupona, ambazo mtu anaona aibu kuzitaja. Kiapo kiapwe mbele ya Kamishna wa Viapo, na sehemu ya mwisho ionyeshe jina lake, mahali na tarehe. Kiapo kisicho na tarehe hakina kazi.

Na rufaa ikishakwama mahakamani, sikilizeni neno alilotumia jaji. Ikiondolewa kwa sababu ya kasoro, mtu anaweza kurekebisha na kurudi, akiwa ndani ya muda au akiongezewa, ingawa atalipa ada upya. Ikitupwa kwa kupitwa na muda, mlango wa mahakama ile umefungwa, hawezi kurudi pale pale kuomba muda, anapaswa kwenda mahakama ya juu. Chukueni nakala ya uamuzi, msitegemee kumbukumbu ya aliyekuwa chumbani.

Kwa wachache wanaokwenda Mahakama ya Rufani: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 30, barua ya kuomba mwenendo ndani ya siku hizo hizo 30 na nakala yake apewe mpinzani, rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa, ukitoa siku ambazo Msajili amezithibitisha kwa cheti cha ucheleweshaji. Cheti hicho kisomeni kama mlivyosoma tuzo, tarehe kwa tarehe. Tangu tarehe 1 Desemba 2023 hakuna tena haja ya kuomba ruhusa ya kukata rufaa ya madai, lakini kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo bado inahitaji cheti kwamba kuna hoja ya kisheria. Na kwa kuwa Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023 limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, msinakili namba za vifungu kutoka hati za zamani bila kuzilinganisha na toleo hilo.

Asiye na uwezo wa ada asikate tamaa. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu kuomba kukata rufaa bila kulipa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowaweka ninyi kazini. Ombi liambatane na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa na orodha ya kweli ya mali, hata kama ni mikorosho sita na baiskeli. Mali iliyofichwa ikigundulika, ombi linaanguka na siku zimeshaliwa. Ninyi hamruhusiwi kumtoza wala kusimama mahakamani kwa niaba yake, lakini hakuna kinachowazuia kukaa naye na kalenda.

Jambo la mwisho, na wengi hawalijui. Kufungua rufaa hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Dalali wa mahakama anaweza kufika shambani huku stakabadhi ya rufaa iko mfukoni mwa mrufani. Ombi la kusimamisha utekelezaji ni hati ya peke yake, lina kiapo chake na ada yake, nalo liende pamoja na rufaa, siku hiyo hiyo.